Ulimi wa Mizani

Soko la Mgandini wananiita Fundi Mhina.
Natengeneza mizani: za sahani mbili, za kuning'iniza,
za wauza dagaa, zilizokula kutu hadi mnyororo.
Hizi za betri sizigusi. Hazina ulimi.
Mizani ya kweli ina ulimi,
chuma chembamba katikati, kinatikisika,
kinasita, kisha kinasema.

Lugha yetu haikutafuta jina jingine
kwa kile kinachopima sukari
na kile kinachopima wimbo.
Nane huku, nane kule.
Nahesabu kwa pingili za vidole,
mkono uleule ninaovutia uradi,
na mara nyingine napotea njiani, sijui
niko kwenye tasbihi au kwenye kiitikio.

Niliuza mara moja. Sitaficha.
Shilingi elfu themanini, mwaka bati letu lilipovuja,
kwa Shekimweri wa duka la simu, Barabara ya Kumi na Mbili.
Nilikuwa nimeandika *Asumini ya uani*.
Akasema, Fundi, asumini haichangamshi ukumbi,
tia jina la bibi harusi. Nikatia.
*Zulekha wangu wa uani.*
Hesabu mwenyewe. Nakungoja.

Tisa.

Usiku wa harusi spika zilisikika hadi Makorora.
Watu wakatunza, noti zikabandikwa vipajini,
hakuna aliyeshtuka. Mimi nilikuwa nje,
kwenye tope, karibu na jenereta,
nikisikia kama muuza mchele
aliyegandisha risasi chini ya sahani,
na mteja anamwambia ahsante.
Bati lilizibwa. Halivuji mpaka leo,
na hilo nalo ni haki kulisema.

Halafu Mwantumu akalazwa Bombo,
wodi ya juu, dirisha halifungi vizuri.
Dua ndefu hakuzitaka,
alisema zinamfanya ajione ameshazikwa.
Akataka nimtungie kitu cha kulalia.
Kila jioni nikampelekea ubeti mmoja na uji wa mchele.
Uji alikunywa nusu. Ubeti aliumaliza wote,
tena kwa kukosoa. Alikuwa mkali, mke wangu.
"Kina hiki umekivuta masikio," alisema,
"kirudishe kwao."
Nikakirudisha.
Wa kitanda cha pili, mama wa Kisegeju kutoka Moa,
aliacha kulia ili asikie, akaomba turudie.
Hakuna aliyelipa. Wala sikujua angelipwa nani:
maneno yalinikuta kwenye baiskeli, njia ya Raskazone,
nikageuka kama mtu aliyeitwa
kwa jina lake la utotoni.

Ubeti wa saba ulinichelewesha.
Kipande cha mwisho kilikuja hivi, *Nipime nami, Mola*,
nikajua kimepungua kimoja.
Nikasimama getini, chini ya taa, nikitafuta.
Nilipopanda, shuka lilikuwa limeshabadilishwa.

Miaka kumi na moja sasa.
Wanaokuja na vinasa sauti nawapa chai,
nawauliza habari za nyumbani kwao.
Kuna *ya*, najua. *Nipime nami, ya Mola.*
Nilijaribu. Ilikaa sawasawa, nane kamili,
na kitu ndani yangu kikalala upande mmoja
kama sahani iliyotiwa jiwe la uongo.
Nikaitoa.

Alfajiri, kabla ya kufungua kibanda,
nauimba wote, sauti ya kutosha chumba tu.
Majirani wanadhani ni uradi. Siwakatazi.
Nafika kwenye saba, naacha pale.
Nasikiliza. Siku nyingine ni jogoo wa Mama Kidawa,
siku nyingine si kitu, na hicho si kitu
kina uzito wake, nauhisi mkononi.

Kisha naondoa kufuli.
Muuza dagaa ameshafika, mizani yake kwapani,
analalamika kwamba inapunja,
ila hajui inampunja nani.
Naining'iniza tupu.
Ulimi unatikisika.
Tunangoja, mimi naye.